Pikapu ya Babu, Moyo wa Nissan



Najua nimewapotea. Wiki tatu hamjaona neno kutoka kwangu, na kuna mshikaji kaniuliza juzi pale kantini kama bumu limeniishia mpaka nimeshindwa hata kuandika. Bumu limeisha, ndiyo, ila sicho kilichoninyamazisha. Nilikuwa nyumbani Lushoto, na kuna sentensi moja niliisikia kule imenikaa kooni kama mwiba wa perege. Leo nautoa. Itakuwa ndefu, mwenye testi kesho akasome kwanza.

Sentensi yenyewe aliisema bwana mmoja aliyekuja kuangalia pikapu ya marehemu Babu. Ni Land Rover 109 ya mwaka 1969, ile ya kabini fupi mbele na bodi wazi ya mizigo nyuma, tenki la mafuta liko chini ya kiti. Huyu bwana ananunua Land Rover za zamani, anazirudisha zilivyokuwa siku zinatoka kiwandani Solihull, halafu anawauzia watu wenye pesa zao. Aliizunguka ile gari kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari. Akagonga bodi, alumini tupu, haina kutu. Akatabasamu. Akalala chini akaangalia chesisi, akatabasamu tena. Kisha akasema, "Mzee, nifungulie boneti."

Baba mkubwa akafungua. Tabasamu likaondoka. Ndani hamna injini ya Land Rover. Kuna Nissan TD27, dizeli, nyeusi kwa oili.

"Ah, mzee wangu," akasema. "Hapa mmeua historia."

Bei aliyokuwa ametaja kwenye simu akaikata nusu palepale. Baba mkubwa akanigeukia. Tangu nichaguliwe kusomea elimu yeye haniiti jina, ananiita mwalimu. "Mwalimu, si ndiyo unasoma hiyo historia? Mjibu mgeni."

Jamani, sikuwa na kitu. Mwaka wa tatu huu, nimeandika insha za ukoloni, za Azimio la Arusha, za vita baridi, lakini mbele ya boneti iliyofunguliwa nikabaki nachekacheka kama mtoto aliyesahau shairi. Kwa hiyo haya ndiyo majibu yangu, yamechelewa wiki tatu. Nimeyapata nusu kwenye vitabu na nusu kwa Bibi, kwa Baba mkubwa, na kwa fundi wa Mombo aliyeifunga ile injini, ambaye bado yupo na bado anakunywa chai ya rangi vikombe vitano kabla ya saa nne.

Tuanze na kilichokuwemo mwanzo. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgao, ndo maana bodi ikawa ya alumini, na ndo maana mpaka leo mgeni anagonga na kutabasamu. Injini ilikuwa ya petroli. Dizeli iliingia mwaka 1957, sentimita za ujazo 2,052. Mwaka 1961 ikaja kubwa zaidi, 2,286, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize: ile ya petroli ya Land Rover nayo ilikuwa 2,286. Mapacha. Kiwanda kilipanga makusudi zichangie vipuri vingi vya chini, ukinunua gari unachagua tu, nikuwekee ya plagi au nikuwekee ya nozeli. Yaani Rover wenyewe walishakubali kwamba gari ni lilelile, moyo ndio unachaguliwa.

Sasa kwa wale wa sanaa kama mimi, ambao fizikia tuliiaga kidato cha pili, tofauti yenyewe ni hii. Injini ya petroli inachanganya mafuta na hewa, inavibana kiasi, mara saba au nane kwa Land Rover zile, halafu plagi inapiga cheche. Dizeli haina cheche. Inavuta hewa peke yake, inaibana mara ishirini na zaidi mpaka inakuwa ya moto kupita nyuzi 500, kisha nozeli inanyunyiza mafuta humo ndani na yanawaka yenyewe. Kwa kuwa inabana sana, kila kitu lazima kiwe kinene: bloku, pistoni, kranki. Nzito, ina kelele, asubuhi ya baridi inagoma. Lakini kila lita inayokunywa inaifanyia kazi zaidi.

Aliyeibuni ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Injini yake ilipopimwa rasmi kule Augsburg mwaka 1897, ilionekana kama robo ya nguvu iliyomo kwenye mafuta inageuka kuwa kazi, wakati mashine za mvuke za siku zile nyingi ziliambulia sehemu moja ya kumi au pungufu. Mwenyewe alitoweka Septemba 1913 ndani ya meli usiku, akivuka kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Siku kadhaa baadaye maiti ikaonekana baharini. (Kitu kimoja nisichoweza kukiacha: kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini yake moja iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, kwa sababu serikali ya Ufaransa ilikuwa inawaza makoloni yake ya Afrika yajitegemee mafuta. Sisi karanga zetu za Kongwa, 1947 mpaka 1951, tunajua ziliishia wapi, na hazikuwa za injini. Tuendelee.)

Kwa muda mrefu dizeli ilikuwa ya meli na viwanda. Ilipungua mwili baada ya Bosch kuanza kuuza pampu yake ya kusukuma mafuta mwaka 1927, ndipo malori yakaipata, na mwaka 1936 Mercedes-Benz wakatoa gari dogo la dizeli, 260 D. Lakini kabla ya hilo kuna Mmarekani mmoja, na huyu laiti ningemkumbuka siku ile mbele ya mgeni.

Anaitwa Clessie Cummins. Ndiyo, Cummins ileile unayoiona imeandikwa kwenye malori ya Tunduma. Mwaka 1929 soko la hisa la Marekani limeanguka, kampuni yake ina madeni, hakuna anayenunua injini zake. Akachukua gari la kifahari lililotumika, Packard, akatoa injini yake ya petroli, akalazimisha humo injini ya dizeli iliyotengenezwa kwa ajili ya boti. Siku ya Krismasi akamtembeza tajiri aliyekuwa anamkopesha. Januari 1930 akaendesha gari hilo kutoka Indianapolis mpaka New York, kama maili 800, na mafuta ya safari nzima yalimgharimu dola 1.38. Kampuni ikapona. Kwa hiyo moja ya safari maarufu zaidi za dizeli barabarani ni ya gari kuukuu lililobadilishiwa injini na mtu aliyebanwa na madeni. Huyo hajaua historia ya Packard. Anasomwa!

Haya, turudi kwetu.

Babu aliinunua ile pikapu mwaka 1976 kwenye mnada, ilikuwa imeshafanya kazi miaka saba. Kazi yake ilikuwa kabichi na viazi kutoka Lukozi kushuka Lushoto, kisha zile kona za kilomita thelathini na kitu mpaka Mombo, na kurudi na unga, sukari, chumvi, mafuta ya taa. Waliopita ile barabara wanajua. Unashuka umekanyaga breki, unapanda umekanyaga mafuta, katikati hamna kupumzika. Kwa petroli, Baba mkubwa anasema, lita moja ilikuwa inampeleka kilomita tano, akiwa na mzigo hata hazifiki.

Na tazama aliinunua lini. Oktoba 1973 vita ya Mashariki ya Kati, Waarabu wanapunguza mafuta, na pipa lililokuwa la dola 3 hivi katikati ya mwaka linakuwa dola 11.65 ifikapo Januari 1974. Darasani huo ni mshale tu kwenye grafu, unapanda, unachora, unapata maksi zako mbili. Kwa nchi inayouza katani, kahawa na pamba, maana yake ni kwamba mzigo uleule wa katani sasa unaleta mafuta kidogo sana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka na Kenya ukafungwa. Mwaka 1978 Amin akaingia Kagera. Na vita haijapoa, mwaka 1979 mapinduzi ya Iran yakaleta kupanda kwa pili, mpaka pipa likapita dola 30.

Mimi swali hili nilikuwa nalijibu kwa nukta tano, "madhara ya mgogoro wa mafuta". Bibi alinijibu bila nukta. Alisema miaka ile Jumapili ikifika saa nane mchana gari binafsi halitakiwi barabarani bila kibali, kwa hiyo arusi na misiba ya upande wa Mombo ilikuwa inaangalia saa. Alisema wakati wa vita magari ya watu yalichukuliwa kwenda mpakani, na la Babu lilipona kwa sababu siku wanapita lilikuwa juu ya mawe, gia boksi imefunguliwa, na Babu hakuwa na haraka yoyote ya kuifunga. Alisema ukipata petroli hupati tairi, ukipata tairi hupati gasketi. Fedha za kigeni zilikuwa hazipo, na kipuri cha Land Rover kinatoka Uingereza, huwezi kukilipia kwa kabichi.

Injini ikawa inakunywa oili kama inavyokunywa petroli. Babu aliivumilia, akabadilisha ringi za pistoni kwa zilizotumika, akaivumilia tena. Mwaka 1988 ikanoki kabisa pale kwenye mteremko wa Soni, na ikarudi nyumbani ikivutwa na lori. Ikakaa juu ya mawe miaka sita. Miaka sita! Baba yangu alikuwa anaichezea, anashika usukani anapiga honi kwa mdomo.

Sasa kwa nini mwaka 1994, si kabla? Hapa ndo nilipojiona mjinga, maana jibu lote lilikuwa kwenye madaftari yangu. Bajeti ya 1984 iliruhusu mtu kuagiza bidhaa kwa fedha zake za kigeni bila kuulizwa kazipata wapi. Mwaka 1985 akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, na 1986 tukasaini na IMF. Milango ikafunguka na vitu vya Japani vikaanza kuingia. Kule Japani ukaguzi wa gari ni wa lazima na ni ghali, gari likizeeka kidogo mwenyewe anaona bora aachane nalo. Na mwaka 1992 wakatunga sheria ya kupunguza gesi chafu za magari kwenye maeneo ya Tokyo na Osaka, ambayo iliyabana hasa magari ya dizeli. Injini nzima, ambayo huku ingefanya kazi miaka ishirini, kule imekuwa taka. Zikakatwa, zikapangwa kwenye makontena, nyingi zikipitia Dubai, zikafika Gerezani hapa, mwendo wa dakika chache kutoka hosteli ninayoandikia haya. Jumamosi iliyopita nilikwenda kuangalia. Bado zipo, zimepangwa chini kama mbuzi wa sikukuu, zinasubiri mtu.

Baba mkubwa wakati huo ana miaka ishirini na sita, na ndiye aliyeleta wazo. Babu akakataa. Maneno yake yanakumbukwa mpaka leo kwenye ukoo: "Gari la Mwingereza halilali na Mjapani." Alikuwa anaamini siku moja atapata injini yenyewe, ya petroli, ya Land Rover, na mambo yatarudi kama zamani.

Aliyemaliza ubishi ni Bibi. Aliuza ng'ombe wake wawili wa maziwa. Wake, siyo wa Babu, alivinunua vile vindama kwa pesa ya kusuka vikapu na kuuza magimbi. Akampa Baba mkubwa hela, akamwambia apande basi la alfajiri. Babu hakumsemesha mwezi mzima. Hili hakuna aliyewahi kunisimulia kabla ya safari hii, na nadhani nisingeuliza habari ya injini nisingeambiwa kamwe.

Baba mkubwa alikwenda na fundi Gerezani. Unavyonunua injini ya namna ile, fundi alinieleza, humsikilizi muuzaji, unaisikiliza injini. Wanaiwasha palepale chini, betri pembeni, dizeli kwenye dumu, mpira mmoja unaingia na mwingine unarudi. Unafungua kifuniko cha kumiminia oili unaangalia inavyohema. Ikitoa pumzi nzito ya moshi humo, ringi zimekwisha, ondoka. Waliikataa Toyota moja ya Hiace japo ilikuwa rahisi. Sababu ya fundi ni mkanda: injini zile za Toyota zinaendesha vali kwa mkanda, mkanda ukikatika na vali zinapinda. TD27 inatumia gia za chuma kwa chuma. "Lushoto mkanda ukikatika nani atakuuzia?" Injini ina sentimita za ujazo 2,663, ilitoka kwenye Nissan Caravan, gari la abiria la Wajapani. Ikapanda milima kwenye lori lililokuwa limeleta kabichi Kariakoo na linarudi tupu.

Halafu kazi ikaanza. Msidhani ni kutoa hii na kuweka ile.

Tatizo la kwanza ni ndoa ya injini na gia boksi. Gia boksi ni ya Land Rover, matundu yake ya bolti hayana undugu wowote na ya Nissan. Inatakiwa sahani ya chuma katikati, upande mmoja ikubali matundu ya Mjapani, upande wa pili ya Mwingereza. Fundi hakuwa na mchoro. Alichukua boksi la kadibodi la sabuni, akapaka grisi uso wa gia boksi, akaligandamiza, matundu yote yakajichapa. Akafanya hivyohivyo kwa injini. Hiyo ndiyo ilikuwa ramani. Akaenda nayo Tanga kwa mkereza vyuma, na sahani ikakerezwa kwa kufuata karatasi ya sabuni.

Ikakataa. Shafti inayoingia kwenye klachi lazima ikae katikati kabisa ya kranki, ikikosea unene wa unywele tu, klachi inatetemeka na beringi ya gia boksi inakufa. Fundi alirudi Tanga mara tatu. Mara ya tatu mkereza hakumtoza, alimwonea huruma, wakala ugali pamoja.

Kisha mikono ya kushikia injini kwenye chesisi: ya zamani ikakatwa, mipya ikachomelewa. Springi za mbele zikaongezewa jani moja, maana dizeli ni nzito. Tenki likaoshwa, likatobolewa tundu jipya, kwa sababu dizeli inayozidi kwenye pampu na nozeli hurudi tenkini, petroli haikuwa na mambo hayo. Chujio lenye kikombe cha kunasa maji. Betri kubwa zaidi, kwa sababu kuzungusha injini inayobana mara ishirini na kitu si mchezo. Breki zilikuwa bahati: gari jipya kidogo lingekuwa na msaada wa breki unaotegemea mvuto wa hewa wa injini ya petroli, na dizeli haina mvuto huo, inabidi utafute altaneta yenye pampu ndogo ya hewa mgongoni. Ile 109 haikuwa na msaada wowote, ni mguu wako na Mungu wako.

Na kuzima. Hili Baba mkubwa analisimulia mpaka machozi yanamtoka. Injini ya petroli ukizungusha ufunguo unakata umeme, cheche hamna, inakufa. Dizeli haihitaji cheche, lazima uikatie mafuta. Siku ya kwanza imewaka uani, majirani wamejaa, Babu mwenyewe kasogea kwa shingo upande akakaa kwenye usukani, akasikiliza, akatosheka, akazungusha ufunguo. Gari linanguruma. Akauchomoa kabisa, akaushika mkononi anauangalia. Gari linanguruma. Akashuka akasimama mbali akasema, "Hili lina shetani." Kumbe kifaa cha kukata mafuta kwenye pampu kilikuwa kibovu, na fundi hajakwambia mtu. Suluhisho likawa waya wa breki ya baiskeli, umepitishwa kwenye dashibodi, unauvuta ndiyo gari linazima. Upo mpaka leo. Mgeni wetu aliuona akatikisa kichwa.

Mwaka wa kwanza Baba mkubwa alikata ekseli za nyuma mara mbili. Land Rover zile zilikuwa na sifa hiyo hata na injini yake, seuze umeipa dizeli inayovuta kwa nguvu kuanzia chini. Akajifunza kuachia klachi kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala.

Matokeo? Kilomita tisa, wakati mwingine kumi, kwa lita, na dizeli siku zile ilikuwa na bei ya chini kuliko petroli. Safari iliyokuwa inakula faida ikaanza kuacha kitu. Baba yangu akarudi sekondari aliyokuwa amefukuzwa kwa ada. Shangazi zangu wawili wakasoma. Babu alianza kumsemesha Bibi, na miaka miwili baadaye akamnunulia ng'ombe mmoja. Mmoja, Bibi anakumbusha, si wawili.

Sitaki mnidhanie napamba. Ule moshi Wajapani waliokuwa wanaukimbia mwaka 1992 ulikuja kwetu pamoja na injini. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Nozeli zikichoka ile pikapu ikipanda Soni inaacha wingu, na watoto wa shule wanatembea humo. Tulipokea ruksa na taka kwa mkono mmoja. Na ile hesabu ya 1994 nayo haina uhakika tena. Kuna miezi ya 2022 bei ya dizeli ilipita ya petroli hapa nchini, Baba mkubwa akasema angejua angebaki na Mwingereza. Anatania. Nadhani.

Ila kwa mgeni, jibu langu ni hili. Gari unalolitaka wewe, la Solihull 1969, lilikuwepo miaka michache tu. Baada ya hapo lilikutana na 1973, na 1979, na Mzee Ruksa, na sheria ya Tokyo, na ng'ombe wawili wa Bibi, na karatasi ya sabuni. Ukiifungua boneti yote hayo yapo, unaweza kuyashika kwa mkono. Ukiweka injini mpya ya petroli umefuta miaka zaidi ya hamsini ili ubaki na saba. Na wala haijaisha: Nairobi kuna kampuni iliyoanza 2017 kwa jina la Opibus, siku hizi inaitwa Roam, ambayo imetoa dizeli kwenye magari ya safari na kufunga mota za umeme. Siku moja kuna mtu atafungua boneti ya hayo aseme mmeua historia.

Nilimsomea Baba mkubwa haya yote kwenye simu juzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri mwalimu. Lakini yule bwana kapiga tena."

Kumbe ana wazo. Ile injini ya zamani ya petroli haikuuzwa chuma chakavu, Babu alikataa. Ipo nyuma ya jiko, chini ya migomba, imezama nusu ardhini. Bwana anasema kama namba iliyogongwa kwenye bloku inafanana na iliyokuwa kwenye kadi ya kwanza ya gari, atalipa bei yote aliyotaja mwanzo, pikapu na injini ile pamoja, hata kama imekufa. Baba mkubwa akaenda na brashi ya waya na mafuta ya taa, akasugua kinyesi cha kuku, akasoma namba tarakimu moja moja huku mimi naandika. Zimefanana zote.

Ada ya chuo ya binamu yangu inadaiwa mwezi ujao, kwa hiyo msiniulize ningechagua nini.

Ila kwa sasa hakuna kinachoondoka. Kuku wa Bibi ameatamia pale panapokaa kabureta, mayai kumi na moja, na Bibi kasema mpaka yaanguliwe hakuna wa kuisogeza hiyo injini.